Nesi wa Pate anauliza: nianze kumuweka asali mgonjwa wangu wa sukari mwenye kidonda cha mguu?

"Assalaam aleikum mama, shikamoo. Mimi ni nesi kwenye disipensari moja kisiwa cha Pate, tuko wawili tu na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Nimeletewa barua nikafunzwe siku 3 kutibu vidonda vya miguu ya wagonjwa wa sukari kwa vitu vya asili, yaani asali, papai bichi na shubiri. Inchaji asema niende manake gozi zenyewe hapa hupatikana kwa bahati. Nina ami mmoja mvuvi wa miaka 58, ana kidonda chini ya unyayo hapo nyuma ya kidole gumba, mwezi wa tatu huu, hakimuumi hata kidogo, ukubwa kama sarafu ya shilingi 20. Sukari yake juzi asubuhi ilikua 14. Namuosha na kumfunga kila siku mbili lakini hakifungi. Nilitaka nianze asali, bintiye akakataa, asema baba ana sukari alafu tumpake sukari tena? Je niende hayo mafunzo? Na asali nianze saa hii ama ningoje?"

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Mafunzo nenda. Nakwambia hivo mapema kabisa usije ukasoma niliyoyaandika huko chini ukadhani nakuzuia. Nesi anaebaki peke yake kisiwani na gozi za kubahatisha ana haki ya kujua kila kitu kinachoweza kumsaidia, na asali ni mojawapo. Lakini katika barua yako yote neno lililonishika ni hilo la "hakimuumi". Umeliandika kwa kupita tu, pengine umeona ni habari nzuri. Mwanangu, hilo ndo ugonjwa wenyewe, na kama hao walimu wako watakaa siku tatu wanakufunza kuchuja asali bila kugusa hilo neno, utarudi Pate na ujuzi ambao hautamfungia ami kidonda chake.

Hebu tuanze hapo. Watu wetu husema sukari inakula nyama, na nshasikia hata wafanyikazi wa afya wakisema hivo mbele ya mgonjwa. Mtu akiamini nyama yake inaliwa kutoka ndani atafanya nini, si atangoja tu ikatwe. Zamani watu waliamini hivohivo kuhusu ukoma, kwamba ukoma ndo unaomaliza vidole. Kuna daktari mmoja wa upasuaji, Paul Brand, alizaliwa India 1914 kwa wazazi wamishonari, kuanzia 1946 akawa Vellore kusini mwa India na wagonjwa wa ukoma. Akakaa akawaangalia wanavoshika vitu na wanavotembea, akaona nyama ya mgonjwa wa ukoma inapona vizuri tu kama ya mtu yoyote, shida ni kwamba hahisi maumivu kwa hivo anajiumiza palepale leo, kesho na keshokutwa. Akawafunga miguu plasta ngumu, ile anayofungwa alovunjika mfupa, ili kidonda kipumzike na vidonda vya miaka vikafunga. Baadae alipohamia Marekani, hospitali ya Carville kule Louisiana, ujuzi huohuo ukaingia kwa wagonjwa wa sukari. Mpaka leo plasta ile inayokamata mguu mzima mpaka chini ya goti ndio inayoongoza katika kuponya kidonda cha chini ya unyayo, na haina dawa yoyote ndani yake.

Sasa kwa ami wako imekuaje. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu zaidi, ndo maana miguu inatangulia. Mishipa hio ina kazi tatu na zote zinapotea. Ile ya kuhisi ikifa, mtu anakanyaga msumari, ganda la chaza, makaa, asijue. Ile ya misuli midogo ya mguu ikilegea, vidole vinajikunja kama kucha za kuku na mifupa ya mbele ya unyayo inasukumwa chini, hapo ndo mzigo wote wa mwili unapotua, na hapo ndo kidonda cha ami kilipo. Ile ya jasho nayo ikifa ngozi inakauka na kupasuka. Ngozi ikigandamizwa sana inajihami kwa kujenga sugu, lakini sugu yenyewe ikishakua nene inakua kama kijiwe ndani ya kiatu, inagandamiza zaidi, damu inavuja chini yake kimyakimya, siku moja inapasuka na mtu anasema kidonda kimetoka chenyewe usiku.

Alafu mishipa ya damu nayo. Sukari, presha, sigara, umri, vyote vinaiziba, na kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi kwa asali wala kwa dawa ya Ulaya. Na chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu huwa nzito mtu akiwa na sukari ya juu, kwa hivo hio 14 lazima ishuke, zungumza na klinikali ofisa wenu kuhusu dawa zake, pengine ni wakati wa insulini. Kidonda chenyewe kikiingia vijidudu kinapandisha sukari pia, kwa hivo sukari iliokua sawa ikiruka ghafla bila sababu, fungua bandeji uangalie mguu kabla hujamlaumu mgonjwa kwamba amekula mahamri.

Piga hesabu. Tuseme ami anatembea hatua 4,000 kwa siku, na mvuvi hutembea zaidi, nusu ni za mguu ule. Kidonda chake kinakanyagwa mara 2,000 kila siku na uzito wa mtu mzima. Wewe unamfunga dakika kumi kila siku mbili.

Nilimpokea mzee mmoja hapa Malindi miaka kadhaa imepita, mvuvi vilevile, kidonda pahali palepale. Alikua amewekwa asali miezi minne na nesi alietoka kwenye mafunzo kama hayo uloitiwa, na nesi yule alifanya kazi nzuri, kidonda kilikua chekundu, safi, hakina harufu, nilimsifu. Lakini pembeni kilizungukwa na sugu nyeupe, ngumu, imejikunja kama ukingo wa chapati ilolala. Nikachukua wembe wa upasuaji nikaikwangua taratibu, tabaka kwa tabaka, mzee anapiga stori za bahari hajui kama namkata, na chini yake kidonda kikatokea ni mara mbili ya vile kilivoonekana. Bintiye akashtuka akasema mbona umekikuza. Nikamwambia sijakikuza, kilikua kimejificha. Nikakata sponji nene nikalitoboa dirisha mahali pa kidonda, nikaligandisha kwenye unyayo ili uzito utue pembeni, tukampa gongo la kutembelea, akaacha kwenda pwani. Asali niliiacha ileile. Wiki ya saba kilifunga.

Nayasema haya kwasababu ndo jibu langu lote kwa swali lako. Asali haikua na kosa pale, ila ilikua imebebeshwa kazi isio yake.

Sasa hio asali yenyewe, manake bintiye ameuliza swali la maana na anastahili jibu la heshima. Mwambie asali ya kwenye kidonda haipandishi sukari ya damu kwa kiasi cha kutisha, ni kidogo, nyingi inafyonzwa na bandeji pamoja na maji ya kidonda. Sukari ya damu inapanda kwa kile anachokunywa na kula. Akitaka kuhakikisha mpime kabla na baada ya kumfunga siku mbili tatu mbele yake, aone namba kwa macho yake, hilo linatuliza familia kuliko maneno yangu.

Inavofanya kazi ni hivi. Asali ni sukari nyingi na maji kidogo sana, kama sehemu 17 mpaka 20 tu katika 100, kwa hivo inavuta maji kutoka kila kilicho karibu, kijidudu kinakaushwa, na maji yanayovutwa kutoka chini ya kidonda yanakiosha kwa ndani, ndo maana siku za kwanza bandeji inalowa kuliko kawaida, usiogope. Pia ina uchachu. Na nyuki ameweka ndani yake kimeng'enya ambacho asali ikichanganyika na maji ya kidonda kinatengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuua vijidudu, kidogokidogo, tofauti na ile ya chupa inayomwagwa ikatoka povu na kuunguza nyama changa. Ukiichemsha asali unakiua hicho kimeng'enya. Kwa hivo wale wanaoichemsha "iwe safi" wanaharibu nusu ya faida.

Lakini usipoichemsha nayo kuna jambo. Wewe ni nesi, unajua mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali, kwasababu asali mbichi inaweza kubeba mbegu za vijidudu ambazo hazifi kwa utamu. Mbegu hizohizo hatuzitaki ndani ya shimo la kidonda lisilo na hewa. Asali ya hospitali hupigwa mionzi kuziua, na mionzi haiharibu kimeng'enya. Ile ya chupa ya soda unayouziwa sokoni Amu, yaani Lamu mjini, ni kitu chengine, hata ikiwa ni asali nzuri kabisa ya Waboni ilotoka msituni, na mara nyengine si nzuri, imeongezwa maji ya sukari. Kwa hivo mafunzoni uliza swali hili mapema: asali tutakayotumia itatoka wapi, nani ameipima, na imepigwa mionzi ama haikupigwa?

Na ushahidi wake ukoje. Nitakwambia bila kupunguza. Uchambuzi mkubwa wa 2015 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima ushahidi wa tiba, ulikusanya majaribio mengi ya asali, ukaona kwa majeraha ya moto yasiokwenda ndani sana asali inaponya haraka kuliko bandeji za kawaida. Kwa vidonda vya mguu wa sukari ushahidi ulikua dhaifu, huwezi kuegemea upande wowote. Na kile kikundi cha kimataifa cha mguu wa sukari, IWGDF, kwenye miongozo yake ya 2023 kinasema asali na vitu vya nyuki visitumike kwa nia ya kuharakisha kupona kidonda cha mguu wa sukari, na dawa za mitishamba vilevile. Hawasemi asali ni sumu. Wanasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inashinda bandeji safi ya kawaida, na muda na pesa bora ziende kwenye yale yanayojulikana kusaidia. Mimi nakubaliana nao pakiwa na bandeji. Pale ambapo hakuna, na mgonjwa njia nyengine ni kurudi nyumbani akamwagie unga wa kapsuli, mimi nitaweka asali safi na nitalala usingizi.

Unga wa kapsuli nimeutaja na sitaki kuupita. Kufungua kapsuli ya antibaotiki na kuimwaga kwenye kidonda, haya yako kila nyumba kuanzia Kiwayu mpaka Watamu. Haisaidii, inaganda kama saruji juu ya kidonda, usaha unabaki chini, na inafunza vijidudu kuzoea dawa. Kidonda kisicho na dalili za vijidudu hakihitaji antibaotiki yoyote, na chenye dalili kinataka ya kumeza au ya sindano, si ya kunyunyiza.

Papai bichi naliogopa zaidi ya asali. Utomvu wake una kimeng'enya kinaitwa papeini, kinayeyusha nyama ilokufa, ndo kilekile mama zetu wanachotumia kulainisha nyama ngumu ya mshikaki. Hospitali kadhaa za Afrika zimelitumia kwa majeraha ya moto, na kwa kidonda kilojaa uchafu wa njano, pasipo mtu wa kukata, kwa siku chache, linaweza kusaidia. Shida ni kwamba halijui kuacha. Uchafu ukiisha linaendelea na ngozi nzima ya pembeni, mtu mwenye hisia atapiga kelele umtoe, lakini mgonjwa wako hana hisia. Nshamuona mama mmoja mkaza mwanawe alimuweka papai kwa mapenzi kabisa kila asubuhi wiki tatu, kidole kimoja kilikua kidonda, akaja kwangu na vitatu. Pia kuna watu mwili wao unalikataa papai vibaya sana, mwaka 2008 idara ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru dawa za kupaka za papeini zisizosajiliwa zitolewe sokoni kwasababu hio. Kama wanafundisha papai, uliza wanafundisha pia siku gani la kuacha.

Sukari ya jikoni huenda wasiitaje lakini nayo ipo, tena ina kisa chake. Moses Murandu, nesi mzaliwa wa Zimbabwe, alikumbuka babake alivokua akimpaka chumvi na sukari akiumia utotoni, akaja kuifanyia utafiti Uingereza, chuo cha Wolverhampton. Inavuta maji kama asali, na haiingii kwenye damu kwasababu mwili unaivunja tumboni, si kwenye kidonda. Ni rahisi na haina utomvu wa kuunguza, ila inalowa haraka na lazima ibadilishwe mara nyingi. Shubiri inapoza ngozi ilounguzwa na jua, kwa kidonda cha unyayo siitegemei. Mwarobaini, magadi, majivu, mavi ya ng'ombe, hapana. Hasa kwetu ambako punda wamejaa kila kichochoro, pepopunda inakaa kwenye mavi na vumbi hilo, angalia kama ami alidungwa sindano ya pepopunda na kama hajadungwa mdunge.

Ukiamua kutumia asali, kidonda kioshe kwanza kwa maji yalochemshwa yakapoa, lita moja na kijiko cha chai kimoja na nusu hivi cha chumvi. Maji ya kisima cha huko kwenu mara nyengine yana chumvi yake tayari, onja kabla hujaongeza. Usitie spiriti wala dettol ndani ya kidonda. Mimina asali kwenye gozi badala ya kumwaga kwenye kidonda, juu yake weka gozi kavu nene ya kunyonya, pembeni pakaza vaselini ngozi isilowane ikawa nyeupe kama vidole vya mtu alofua kutwa. Siku za mwanzo badilisha kila siku. Usiisukumize kwenye shimo usiloona mwisho wake. Mtu ambae mwili wake unakataa vitu vya nyuki usimuweke asali. Na chora ukubwa wa kidonda kwenye karatasi ya plastiki siku ya kwanza, andika tarehe, kila wiki chora tena. Baada ya wiki 4 kikiwa hakijapungua nusu, hata kama ni kizuri machoni, jua kuna kitu hujakipata, damu haifiki, ama mfupa umeingia, ama anakikanyagia. Usiongeze mwezi mwengine wa asali.

Sasa vitu vya asili ambavyo mimi navipenda kweli, na natamani mafunzo yenu yangeanzia hapo. Siyu kuna mafundi wa ngozi, makubadhi ya huko yanajulikana pwani yote. Enda kwa fundi na sponji ngumu nene na mchoro wa mguu wa ami, mwambie akutengenezee ndara pana ya soli ngumu ya tairi isiokunjika mbele, mikanda mipana ya kufungika ili mguu usiteleze, hakuna kamba ya kupita kati ya vidole, misumari isitokeze, na sponji juu ikatwe mahali pa kidonda. Shimo liwe pana kuliko kidonda, ukilibana ukingo wake wenyewe utamkata. Haifiki plasta, nakwambia ukweli, manake plasta haivuliwi na ndara inavuliwa, na mtu asiehisi maumivu hana kinachomkumbusha, atainuka usiku kwenda msalani pekupeku. Kwa hivo moja ibaki kando ya kitanda. Plasta yenyewe usijaribu bila kufundishwa, na kamwe usiifunge juu ya kidonda chenye usaha au mguu usio na damu.

Bintiye mpe kazi ya udhu. Ami anaosha miguu mara tano kwa siku na anapitisha kidole kati ya vidole vyake, hakuna kliniki duniani inayompa mgonjwa wa sukari nafasi nzuri kama hio. Mguu wenye kidonda anaweza kuuliza kwa maimamu namna ya kuupangusa juu ya bandeji, dini ina njia zake na wenye elimu watamuelekeza, lakini ule mzima akauke vizuri kati ya vidole, auangalie chini, asipoona kwa macho atumie kioo au mjukuu. Mafuta ya nazi kwenye visigino ni mazuri sana, kati ya vidole yasipakwe. Maji ya moto ya kukandia mguu marufuku. Na kwa wagonjwa wako wa kike, hina. Bibi arusi na mama wa bibi arusi wana miguu myeusi ya hina na piko mpaka vifundoni, kidole kinaweza kubadilika rangi mbele yako usikione, nshakutana nayo, kwa hivo hapo usiamini macho, tumia mgongo wa mkono kupima joto.

Nikirudi kwa mafunzo, mpe mwalimu wako maswali. Je mtatufunza kupima hisia? Ni kazi ya dakika moja, kipimo kinachoitwa cha Ipswich hakitaki kifaa hata kimoja, mgonjwa afumbe macho, umguse kwa ncha ya kidole, taratibu bila kusukuma, sekunde moja au mbili kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili, akikosa kuhisi viwili au zaidi kati ya sita hisia zimepungua. Mtatufunza kutafuta mapigo ya mshipa juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani? Mtatufunza kukwangua sugu, na mtatupa wembe wa kukwangulia? Mtatufunza kuupumzisha mguu? Na tukirudi visiwani, nani atatujibu simu? Kama majibu ni hapana yote, nenda ukajifunze asali, lakini jua umejifunza sehemu moja ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania ilikua kati ya nchi za kwanza za mpango wa mafunzo ya mguu wa sukari ulioitwa Step by Step, wakifundishwa na watu kama daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Pale walimfunza daktari na nesi wa kituo kimoja kwa pamoja, ili nesi akirudi asikute bosi asiemuelewa. Hilo mwambie inchaji wako, klinikali ofisa aende na wewe.

Na sasa ami mwenyewe, manake yeye hawezi kungoja siku tatu za mafunzo. Kesho akija mlaze. Gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono, ule wa kidonda ukiwa na joto kuliko mwenzake jua kuna moto ndani, na kwa ngozi yetu usitafute wekundu peke yake, tafuta kung'aa, kuvimba, rangi ya zambarau, harufu. Tafuta mapigo, ukiyakosa pote pawili andika hivo kwa herufi kubwa. Alafu chukua chuma chembamba butu kilochemshwa, kiingize taratibu mpaka mwisho wa kidonda. Kikigota kitu kigumu kama jiwe, hapo ni mfupa, na mfupa ulofikiwa na vijidudu unataka eksirei na wiki nyingi za dawa, pengine upasuaji, sio asali.

Moja katika hayo likiwapo, au kidole kimekua cheusi, au usaha, au homa, au anatapika na sukari inapanda, usimpangie wiki ijayo. Piga simu hospitali ya kaunti Amu mapema wajue anakuja, na familia iambiwe wazi kwamba kupelekwa si kukatwa, wengi wanaokatwa mguu ni waliochelewa kwa kuogopa kukatwa, na mara nyengine kidole kimoja kikiondoka mapema mguu mzima unabaki. Asitembee mpaka jeti, abebwe kwa punda au mkokoteni. Mwende na maji kujaa boti isikwame kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, na mkononi awe na karatasi yako: kidonda tangu lini, ukubwa, mapigo, chuma kiligota ama hakikugota, sukari, dawa.

Ukimkuta hana hata moja kati ya hayo, mapigo yako, chuma hakikugota, mguu una joto sawa na mwenzake, basi mkwangue sugu kama umeshafundishwa, mwekee sponji la dirisha, asali ukiwa na ya kuaminika, na azuiwe bahari. Na kwa hilo la bahari ongea na vijana wake nani atashika nyavu, kwasababu mvuvi hatakaa nyumbani wiki nane watoto wakiwa na njaa hata ukimuandikia karatasi kumi. Niandikie tena ukishamtia kile chuma, nataka kujua kimegota.